Nyuma ya Kibonge Pawekwe Nini?

Jumatatu, 3 Juni

Kaka amepiga simu. Kama kawaida yake: salamu fupi, majivuno marefu. Picha ya mwanawe imeshatundikwa sebuleni kwa Mama. Mtoto amekaa mbele ya maporomoko ya maji. Ya kuchorwa, lakini kaka anayasimulia utadhani aliyachimba yeye. Akaongeza, kwa sauti ya huruma niliyoichukia, kwamba kando yake Mama amepigilia msumari mwingine. Mtupu. Wa Kibonge, binti yangu.

Kisha Mama mwenyewe akachukua simu. Magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo anachotaka ni picha tu: Kibonge akicheka kabla hajaota jino. Kasema mimi nilichekea ufizi mpaka majirani wakawa wanaulizana nitatafuna lini, na hakuna aliyekuwa na kamera. Asingependa kicheko hicho kimpite mara ya pili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitapiga picha ambayo maporomoko yataiona na kuona haya. Akasema hajauliza habari za maporomoko.

Mama haelewi mambo ya picha. Picha ni nyuma! Watoto wote ni wazuri. Kinachowatofautisha ni pazia.

Jumanne, 4 Juni

Wazo: mbingu. Shuka la bluu ukutani, pamba ndiyo mawingu, Kibonge katikati kama malaika. Pamba nimeibandika kwa gundi ya kazini (nauza rangi na vifaa vya ujenzi, gundi naijua). Mke wangu karudi zamu ya hospitali akiwa hoi, akauliza kwa nini nisimpige picha Kibonge pale pale alipokaa, maana anacheka. Nyuma yake kuna ukuta wenye doa la unyevu! Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu hapa halimi mtu.

Kibonge akala wingu. Mama yake akalitoa kwa kidole. Mimi nikaendelea, pembe ya shuka nimeing'ata, mikono yote juu. Msumari ukang'oka. Mbingu ikanishukia kichwani. Kibonge akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mke wangu naye, simu mkononi, anacheka badala ya kunisaidia. Picha niliyoikusudia: hakuna.

Alhamisi, 6 Juni

Dukani kuna karatasi ya ukutani iliyochorwa rafu za vitabu. Nimemwomba tajiri kipande cha maonyesho, akasema nikirudishe bila mkunjo. Mtoto wa kaka ana maji, wangu atakuwa na elimu. Kumbe karatasi hiyo ikiguswa inapiga kelele, na Kibonge anapenda kelele kuliko anavyonipenda mimi. Akaigeukia, akanipa mgongo. Nimepiga picha nyingi sana za kisogo. Kisogo kizuri, ila hakicheki. Mwishowe akaivuta, maktaba nzima ikaanguka. Kuhusu mkunjo, nitaongea na tajiri akiwa ameshiba.

Jioni Kibonge akanilalia kifuani. Nikamchungulia ufizi. Laini, mwekundu, na uvimbe mdogo upande mmoja. Niliogopa, kweli. Kitu kinakuja, na hakiningojei nipate pazia. Mwenyewe amelala, hajui kwamba kuna kicheko anakaribia kukiacha na hatakirudia tena. Nikakaa hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Ningempiga picha pale pale, ila nyuma yake palikuwa na fulana yangu ya kazini tu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefaulu! Pazia jipya la sebuleni, la kijani, majani matupu. Nikamvika Kibonge sweta la kijani na kofia ya kijani, vipatane. Akacheka! Nikaituma kwa kaka amwonyeshe Mama, maana simu ya Mama ni ya kubonyeza tu. Nikangoja sifa.

Kaka akapiga. Kasema Mama ameipeleka picha dirishani, amevaa miwani, amevua miwani. Amelisifu sana pazia. Kisha ameuliza mtoto yuko wapi. Kaka akajitia kumsaidia, akamwonyesha jani kubwa. Alivyocheka huyo!

Nikarudi mbio nipige nyingine. Kibonge alikuwa na kijiko mdomoni. Kikalia: ti! Nikatia kidole. Jino.

Mke wangu akashangilia, na ndivyo mzazi anavyopaswa kufanya. Mimi nikaketi sakafuni. Mama alitaka kitu kimoja tu, nami nilikuwa nashindana na maji ya rangi. Aibu imenishika. Sitashindana na mtu tena. Nimeapa.

Jumapili, 9 Juni

Kumbe! Mke wangu alipiga picha Jumanne. Jana alipoona nilivyonywea, akaituma kwa kaka bila kuniambia. Kaka ameisafisha studio asubuhi na kuitundika kwa mkono wake. Lazima ilimuuma.

Nimeiona sasa. Doa la unyevu waziwazi. Mbele Kibonge, mdomo wazi, ufizi mtupu, kicheko chote. Nyuma yake mimi, shuka kichwani, pamba ndevuni, mdomo wazi vilevile.

Mama alipopiga simu, sauti ilikuwa nzito. Kasema ameitazama tangu ilipotundikwa. Kasema maporomoko ya kaka ni mazuri, ila hili pazia lililo nyuma ya Kibonge analijua zaidi, kwa kuwa amelizaa mwenyewe. Akasema ule msumari mmoja umebeba watoto wake wawili. Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Jumatano, 12 Juni

Nimeyatafakari maneno ya Mama kwa utulivu, na nimeyaelewa. Nyuma iliyo bora kuliko zote ni mimi.

Basi picha ijayo, ya jino, nitakaa mwenyewe nyuma ya Kibonge, ndevu zimechongwa, shati limepigwa pasi. Limebaki swali dogo tu: nyuma yangu pawekwe nini? Hapawezi kuwa patupu, kaka ana maporomoko. Dukani imeingia karatasi mpya yenye milima ya theluji. Tajiri kasema nisiiguse, bado anaukumbuka ule mkunjo. Lakini mchana huwa anatoka kwenda kula.