Yah: Kumsajili Mjukuu Wangu Kisha Kumweka Benchi

Loth Mrindoko,
Mwenyekiti wa Ndiva,
Kijiji cha Vudee,
Same, Tanzania.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Maji,
Mji anaokaa mjukuu wangu Yudith,
Kanada.

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko wakoloni, kuliko mashamba ya mkonge waliyoyaacha, na kuliko wachungaji watano wa usharika wetu. Treni ya abiria ya pale Same ilikufa nikiwa hai, ikafufuka nikiwa hai, na ikifa tena nitakuwepo. Daktari aliyeniambia moyo wangu umechoka, jeneza lake nililibeba mimi, upande wa kichwani, na kwenye mteremko. Nakueleza haya ili ujue kwamba ukichelewa kunijibu hujanikomoa. Nitasubiri.

Nimeishia darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati ule, ambalo sasa ni kama chuo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Kama hujui Kiswahili tafuta mtu akusomee. Hapo mjini kwenu yupo Yudith anakijua vizuri, ila usimpe yeye, maana hajui kama nimekuandikia.

Yudith ni mhandisi wa maji. Amesomea maji mpaka digrii, na mabomba aliyoyalaza kutoka huku mlimani yanatoa maji mpaka leo, jambo ambalo kwa bomba ni la kushangaza. Serikali yenu ilizipima karatasi zake, ikampa pointi, ikamwambia njoo. Sisi hatukumsukuma. Pointi zilikuwa zenu. Sisi tulichinja mbuzi tu, na mimi nikatangaza kanisani na gulioni kwamba mjukuu wangu anakwenda kuwatengenezea maji watu wa Kanada.

Sasa kila Jumapili anapiga simu, mke wangu Agape anaweka spika, na tunachokisikia ni kwamba binti yuko kwenye ghala anapanga samaki wa barafu kwenye maboksi. Aliomba kazi ofisini kwako mkamkataa. Jumapili iliyopita akasema, "Babu, wamenishauri nifute digrii kwenye sivii. Ofisi ile ile ya maji inatafuta mtu wa kupiga deki. Nitapeleka karatasi isiyo na digrii, Jumatatu ya wiki ijayo."

Agape akazima spika ili nisisikie mengine. Nilikuwa nimeshasikia.

Maana yake, Mkuu, ni kwamba mhandisi wa maji ataingia ofisini kwako akiwa amebeba ndoo ya maji, na wewe utainua miguu ili apitishe dekio chini ya meza yako. Hilo ndilo nataka kulizuia. Najua posta ina mwendo wake, kwa hiyo kama unasoma hapa na kuna binti anapiga deki hapo karibu, mwambie asimame kwanza. Halafu soma malalamiko yangu.

1. UZOEFU. Mlimwandikia kwamba karatasi zake ni nzuri sana, ila hana uzoefu wa Kanada. Nikamuuliza Yudith huo uzoefu wa Kanada unapatikana wapi. Akasema, "Kazini, Babu." Na kazi inapatikanaje? "Kwa uzoefu." Nikamwambia arudie, nilidhani mtandao unakatika.

Mimi ni mwenyekiti wa ndiva. Ndiva ni bwawa walilotuachia wazee wetu wa Kipare: jioni tunaziba, usiku inajaa, asubuhi tunafungua maji yanashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Sasa chukulia amekuja mgeni anaomba zamu ya maji, mimi nikamwambia, hupewi mpaka uje na ndoo ya maji ya ndiva hii hii. Huyo mgeni akitoka hapo si atakwenda kuuliza kama nina ndugu wa kunipeleka hospitali? Maji ni maji. Yanateremka. Kama huko kwenu yanapanda, niandikie, na hapo nitakubali kwamba Yudith anahitaji uzoefu.

Na kama shida ni uzoefu wa baridi, binti huyu alizaliwa mwezi wa saba, huku juu, ukungu umeingia mpaka jikoni. Mkunga alimtafuta kwa kupapasa.

2. MAREFA. Mkamwambia alete marefa wawili, na wawe wa Kanada. Hapa nilifurahi, nikajua mmeingia kwenye fani yangu. Mwaka sabini na nne nilikuwa refa wa mechi ya Vudee na kijiji cha jirani, ambacho sikitaji kwa sababu wataanza tena kujisifu. Mdogo wangu Shedrack, tumbo moja, beki wa Vudee, alishika mpira ndani ya kumi na nane dakika za mwisho. Nikapuliza. Penati. Tukafungwa. Shedrack hajanisemesha mpaka leo, na nyumba zetu zinatazamana. Niambie wewe, hapo Kanada mnaye refa wa namna hiyo? Basi najitaja kuwa refa wa Yudith, na filimbi bado ninayo.

Mwalimu Anderson, ambaye ni katibu wangu wa ndiva, anadai kwamba marefa mnaowataka si wa mpira, ni watu wa kumsemea mwombaji. Nimemwambia ndiyo maana yeye hakuwahi kupewa filimbi.

Lakini hata kwa mpira mmekosea. Mchezaji mmemsajili wenyewe, pointi mmempa wenyewe, mmemvusha bahari, halafu mnamweka benchi, na akiuliza kwa nini hachezi mnamwambia, kwa sababu hatujakuona ukicheza.

3. ELIMU KUZIDI. Alipoona hivyo akaomba kazi ndogo ndogo, akaambiwa elimu yake imezidi. Kwa kazi kubwa amepungua, kwa kazi ndogo amezidi. Huyo ni binti au ni chumvi?

Na hilo la kufuta digrii, nani kawaruhusu? Digrii ile si ya Yudith peke yake. Niliitangaza mimi kanisani, nikiwa nimesimama. Akiifuta, itabidi nisimame tena nitangaze kwamba imefutwa, na mchungaji tuliye naye sasa hapendi matangazo marefu.

4. UKARIMU. Alikuja hapa kijana wa huko huko kwenu, amejitolea kutufundisha habari za maji. Siku ya kwanza tu akatumbukia kwenye mfereji. Kuna mtu alimuuliza uzoefu wake wa Vudee? Tulimkausha, tukampa makande, tukampa watu wa kuwafundisha. Akatufundisha kunawa mikono wiki nzima, nasi tukanawa wiki nzima, wengine tukiwa tumetoka kunawa. Kabla yake, enzi za babu yangu, alikuja mmisionari kuomba kazi ya kuziokoa roho zetu, kazi nyeti kuliko mabomba. Babu akamuuliza, wewe nani anakujua? Akasema anayemjua yuko juu mbinguni. Wakamkubalia na kumpa kiwanja. Huyo huyo aliye juu anamjua na Yudith. Kwa nini kwenu hahesabiki?

Na usidhani huo ulikuwa ukarimu wa zamani tu. Mwaka huu amefika Mrundi mmoja anaitwa Dezire, ameoa binti wa hapa, Faraja. Hajamaliza wiki nikampa kazi mimi mwenyewe, ya kukata majani ya ng'ombe wangu. Alikuja na bahasha kubwa akataka kuifungua, nikamwambia, mwanangu, funga bahasha yako, hapa kwetu tunaangalia mikono. Umeona tofauti? Wewe ulifungua bahasha ya Yudith ukamnyima kazi, mimi sikuifungua nikampa. Ni kijana mzuri. Ana tabia moja tu isiyopendeza: kila akipita na mzigo wake wa majani anasimama pale kwenye ukingo wa chini wa ndiva, anaangalia, halafu anatikisa kichwa.

5. HATUA NITAKAZOCHUKUA. Kuanzia sasa mtu yeyote wa Kanada atakayepanda huku, awe mtalii, awe mtu wa kujitolea au wa kupiga picha vinyonga, atatakiwa kuonyesha uzoefu wa Vudee na marefa wawili wa Vudee. Akisema hawezi kuupata uzoefu bila kupanda kwanza, nitamjibu kwa maneno yenu.

Nikikosa majibu nitafungua shauri. Watu wanatusema sisi Wapare kwamba tunapenda kesi. Si kweli, na aliyelisema hilo mbele yangu nilimfikisha Mahakama ya Mwanzo. Wewe nawe utaitwa Same ujieleze. Njoo na sweta, kwa sababu siku ya shauri utalala kwangu, na Agape hawezi kukubali mgeni alale mjini hata kama ni mshitakiwa.

Ninachoomba si kikubwa. Mpeni binti kazi aliyoisomea. Kama mna wasiwasi, mpeni bomba moja bovu, lile lililowashinda wote, mumwone.

Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie mlinzi wa getini, na nisalimie kwa namna ya pekee yule mama aliyeandika barua ya kumkataa Yudith. Yudith anasema ilikuwa na adabu sana, imeanza kwa asante na kuisha kwa kumtakia heri, na katikati huhisi kwamba umekataliwa mpaka umeshaikunja.

Wako katika ujenzi wa taifa lako, maana la kwangu nimeshalijenga,

Loth Mrindoko.

Marefa wa barua hii: mke wangu Agape, aliyesikia simu zote, Mwalimu Anderson, aliyekagua tahajia, na mdogo wangu Shedrack, ambaye hanipendi, kwa hiyo akisema mimi ni refa wa haki ujue ni kweli.

NYONGEZA. Barua ilikuwa inamsubiri Iddi wa pikipiki aiteremshe posta, na kabla hajaja ndiva ikapasuka. Ilipasukia ukingo wa chini, pale pale. Maharage ya watu yakaondoka na tope. Mbiu ikalia, wote tukatoka msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kila nyumba na jembe lake, na hapo ndipo Dezire alipoifungua ile bahasha mbele ya watu. Kumbe ni mhandisi wa mabwawa. Kwao amejenga mabwawa makubwa kuliko uwanja wetu wa mpira. Faraja akasema kwa sauti kwamba mumewe alishanionya mara mbili kuhusu ukingo ule, na mara zote mbili nilimuuliza ana uzoefu gani wa ndiva ya Vudee. Ni kweli nilimuuliza. Ni swali la kawaida.

Agape akampigia Yudith, akampa Dezire simu, na wahandisi hao wawili wakaongea maji mpaka chaji yangu ikaisha. Vipimo vya ukingo mpya wamevipiga pamoja, huyu amesimama kwenye tope na yule yuko ghalani kwa samaki. Yudith alicheka. Sijamsikia akicheka tangu aondoke. Amesema hafuti kitu. Jumatatu analeta kwako karatasi nzima, digrii ndani, anaomba kazi ya uhandisi, na chini ya uzoefu ameongeza Ndiva ya Vudee. Refa wake amemwandika Dezire. Mimi hakuniandika.

Ningevumilia, ila jana kamati imemkabidhi Dezire ndiva yangu. Mtu wa kuja! Nikasimama nikauliza: uzoefu wake wa hapa uko wapi? Na marefa wake wa hapa ni akina nani? Agape akanyoosha mkono. Anderson akanyoosha mkono. Shedrack akanisemesha, mara ya kwanza tangu ile penati, lakini alichokisema hakiandikiki. Kwa hiyo hao marefa watatu hapo juu wafute wote.

Nimelifikiria upya lalamiko namba 1 na naliondoa. Uzoefu wa mahali ni jambo la msingi sana. Maji ya Vudee hayateremki kama ya Burundi, yana namna yake, na anayeijua hiyo namna ni mimi. Yudith mpe kazi hivyo hivyo, yeye ni suala lingine. Ila naomba unitumie nakala ya ile barua yenu ya kumkataa, ile yenye adabu. Nitabadilisha jina tu, nimpe Dezire.

Nyongeza hii sikuiandika kwa mkono wangu, maana nilianguka kwenye tope na kiganja kimevimba. Ameniandikia Dezire, na hati yake ni nzuri kuliko ya Anderson. Alipofika kwenye jina lake hapo juu alisimama, akaangalia, akatikisa kichwa, kisha akaendelea kuandika. Ukiwa na mashaka na neno lolote, muulize yeye. Anaweza kuthibitisha yote.