Jino la Mwelimishaji Rika

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepewa fulana! Ya kijani, maandishi meupe mgongoni: NIPO, NAKUSIKILIZA. Inabana tumboni. Si kitu. Fulana ni fulana.

Nieleze, kwa faida ya atakayeiokota shajara hii. Mimi ni Zadok Odoyo, mwalimu mstaafu wa jiografia, sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, stashahada ya maendeleo ya jamii, katika chuo kimoja hapa Nyakato. Chuo kimeanzisha waelimishaji rika. Mwanafunzi asiyelala, asiyekula, mwenye mawazo mengi, badala ya kujifungia bwenini anakwenda kuzungumza na mwanafunzi mwenzake. Wazo zuri. Wanasema umri wangu hauruhusu. Nani kasema? Rika ni darasa. Niko darasani. Basi!

Madamu Zahabia, mlezi wa wanafunzi, alisita. Akasema kwa upole kwamba mwelimishaji rika huuliza na kusikiliza, hahubiri. Nikamweleza maana ya kusikiliza, kuanzia Wagiriki. Alitazama saa mara nyingi. Mwishowe akanipa majaribio hadi Ijumaa: asiporudi kwangu kwa hiari mwanafunzi hata mmoja, fulana inarudi stoo.

Hairudi!

Benchi langu liko nje ya kantini. Mkabala ni benchi la Favour, mwelimishaji rika mwenzangu, binti ambaye hajawahi hata kupiga kura. Kazi yake ni kusema "mh" na "pole". Leo alikuwa na foleni. Mimi nilikuwa na paka.

Mke wangu Roza kauliza kama vijana wa siku hizi hawana shida za kutosha hadi waongezewe mimi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimegundua kiini! Shikamoo.

Kila anayepita ananiamkia. Nami naitikia marahaba, na mazungumzo yanafia hapo hapo. Ukishamwamkia mtu, kilichobaki ni kumwambia nyumbani hawajambo. Nani atamtolea ya moyoni mtu wa marahaba? Favour anaambiwa "niaje", na siri zinamiminika.

Nikabandika karatasi benchini: HAPA SHIKAMOO MARUFUKU. SISI NI RIKA.

Wa kwanza kuitii ni Favour mwenyewe. Akapaza sauti kantini nzima isikie: oya Zadok, mambo vipi mwanangu, mbona umezubaa? Watu walicheka hadi mpishi akatoka na mwiko. Nilimweleza tofauti kati ya usawa na utovu wa adabu. Akasema, kwani hiyo karatasi kabandika nani, mwanangu?

Sheria inabaki. Favour peke yake ndiye haruhusiwi kuitumia.

Alasiri, mteja! Collins, mwaka wa pili, mtoto wa Nansio. Mwembamba, macho mekundu kama ya mvuvi wa dagaa alfajiri. Akasema mambo, akaogopa, akaongeza shikamoo, akaziba mdomo. Halafu akasema hapati usingizi. Chakula hakipiti. Anafikiria kupanda meli arudi kwao moja kwa moja, chuo basi.

Nikamuuliza sababu. (Niliuliza! Iandikwe.) Akafungua mdomo, nikaona anahangaika kutafuta maneno, nikamsaidia. Nikaeleza usingizi tangu chanzo: dunia inavyojizungusha, usiku na mchana, upepo wa ziwani na upepo wa nchi kavu. Nilikuwa naingia kwenye mawingu ya mvua alipokumbuka kwamba ana kipindi. Kipindi, jua linazama! Kijana ana bidii huyu.

Nina pointi kumi na nne. Tumeishia ya tatu.

Jumatano, 13 Novemba

Collins hakuja. Nilimwona kwa mbali. Alipoiona fulana akakata kona, akajibanza nyuma ya lile jiwe kubwa la jirani na maktaba. Nikamfuata. Nikasimama upande wa pili, kwa subira, nikamweleza neno kwa neno pointi ya nne yote. Nilipozunguka, hakuwepo. Mtunza bustani alikuwepo. Amesema imemsaidia.

Nimetafakari. Tatizo si maneno yangu. Tatizo ni mvi. Wananiona mzee!

Langoni pana muuza miwa. Vijana hununua vipande vilivyomenywa, ndani ya mfuko, kama wagonjwa. Nikanunua muwa mzima. Nikapanda juu ya benchi. Nikatangaza kwamba afya haina umri, nikaanza kuumenya kwa meno kama tulivyofanya utotoni kwetu Shirati. Pingili ya kwanza ikatii. Makofi! Ya pili ikalia kwa sauti kubwa.

Haikuwa pingili. Lilikuwa jino.

Favour alikuja mbio na maji. Akasema pole babu, bila utani wowote, na akaniondolea muwa mkononi. Nikamwambia sijaumia. Kisha nikakaa chini kidogo.

Alhamisi, 14 Novemba

Roza kanipeleka Mirongo kwa Daktari Saroj, mama wa meno. Akasema jino limepasuka hadi kwenye mzizi, na jirani yake amelegea, naye atatoka siku nyingine. Aling'oa nikiwa katikati ya kumweleza jinsi miamba inavyopasuka kwa joto. Akashindilia pamba, akaniamuru niiume kwa nguvu, nisitamke neno hata moja hadi jioni. Roza akamuuliza kama haiwezekani iwe hadi Pasaka. Wakacheka wote wawili. Wanawake wasomi!

Nilitakiwa kulala nyumbani. Kulala? Na kesho ni Ijumaa? Nikavaa fulana, shavu kama andazi, nikakaa benchini.

Collins akaja. Ana begi.

Akasema amesikia nimeumia, kaja kunipa pole na kuniaga kabisa. Meli ya leo. Nilikuwa na pointi kumi na moja tayari ulimini! Nikafungua mdomo. Damu. Nikaufunga. Nikasema: mh.

Akakaa. Kimya. Mimi nateseka. Kimya kikazidi, hadi paka akaondoka. Ndipo akaanza.

Ana sapu mbili, mitihani ya kurudia: takwimu na uchumi. Hakuna anayejua. Mama yake amewatangazia kanisani Nansio kwamba mwanawe anaongoza darasa. Akipiga simu humwita profesa, na majirani wamekaa hapo wanasikiliza. Kila akifumba macho analisikia neno hilo, profesa. Kantini haingii, wenzake wasije wakamuuliza matokeo. Bora arudi aseme chuo kimemshinda kwa ugonjwa, akavue.

Akalia. Nikamshika bega, kwa kuwa mikono ndiyo iliyokuwa huru. Nilikuwa na jibu zuri ajabu, lenye mfano wa mto Simiyu. Mh, nikasema.

Akauliza, hivi mama akijua si atakufa? Pamba iliteleza. Nikasema: mh? Akafikiri. Akasema kweli, mwalimu, hawezi kufa. Alimzika baba akaamka asubuhi akaanika dagaa. Sapu haiwezi kumuua mtu kama huyo. Akauliza, kwa hiyo nimwambie? Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole, aelewe kwamba siwezi kusema. Akaitikia kwa kichwa, akasema: kwa mdomo wangu mwenyewe, sawa, si kwa kutuma ujumbe.

Akapiga simu pale pale. Nikamsikia mama anapiga kelele. Halafu akauliza kama amekula.

Begi likarudi bwenini. Collins akaingia kantini mbele ya watu wote, akatoka na sahani mbili za wali maharage, yangu na yake. Mimi siwezi kutafuna. Akazila zote mbili.

Alhamisi ya hasara. Sikusema kitu.

Ijumaa, 15 Novemba

Madamu Zahabia kaniita. Collins alikwenda kwake mwenyewe asubuhi, kajiandikisha kurudia mitihani, na amesema hajawahi kuona mtu anayesikiliza kama Mwalimu Zadok. Fulana ni yangu moja kwa moja!

Madamu akaniomba niendelee vile vile nilivyofanya jana. Namhurumia. Jana nilikuwa mgonjwa! Kilichomponya kijana ni Jumanne, ule upepo wa nchi kavu. Ulichelewa kumwingia tu. Elimu nzito hushuka polepole. Nilitaka kumfafanulia, akakumbuka kikao.

Jumatatu, 18 Novemba

Foleni! Collins amenitangaza mabwenini. Watu walijipanga kutoka benchini kwangu hadi mlango wa kantini, na Favour akanipigia saluti. Nami sauti imerudi, tena imepumzika.

Wa kwanza alikuwa binti mwenye hofu ya mitihani. Nikaanza na pointi ya kwanza, kwa sauti kubwa ili foleni nzima ifaidike. Nilipoinua macho kwenye pointi ya tano, benchi lilikuwa tupu na foleni hakuna. Wamepona wote! Asubuhi moja! Wameenda kukaa kwa Favour, nadhani kumsimulia. Yeye hadi jioni bado alikuwa nao wale wale. Hakuna aliyepona.

Collins alipita akitoka maktaba, ameshiba, amelala, kabeba kitabu cha takwimu. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Ile karatasi nimeibandua, ilikuwa inaharibu watoto. Akanitazama shavuni akauliza, leo huna pamba? Nikamwambia nimepona, sasa tunaweza kuanza na pointi ya nne. Akasema aaah, kwa huzuni. Kijana ana huruma.

Jambo moja limenigusa sana. Kila mtu ananiulizia lile jino la pili, litang'olewa lini. Collins kauliza. Favour kauliza mara tatu. Madamu Zahabia amesema chuo kitatoa gari. Roza ameshapanga siku na Daktari Saroj bila kunishirikisha. Upendo gani huu!

Nimewashukuru, na nikamweleza kila mmoja kwa kirefu: halitoki.