Chupa za Harusi ya Salme

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Nimeanza kazi ya mapambo ya sebule. Elkana, anayefagia zahanati moja kule Changamwe, kaniletea gunia la chupa za kioo za mdomo mpana. Kumi na tatu, zote nzima. Kasema zilikuwa zinatupwa. Zilikuwa za nini, sikumuuliza. Nilihofia angenijibu.

Kila chupa ina karatasi ubavuni, yenye maandishi madogo. Nimeziroweka kutwa nzima, hazibanduki. Miwani niliiacha ndani, kwa makusudi. Nikapaka rangi ya samawati, nikabandika kauri kuzunguka shingo. Karatasi hazionekani tena. Mke wangu Barke kauliza kama nimezichemsha. Nikamwambia mapambo hayachemshwi.

Jumatano, 3 Agosti

Jirani yetu Philister, mtu wa bara, hufuma vitambaa vya makochi. Hapa Bofu hakuna sebule isiyo na kitambaa chake. Inaniuma. Leo kachungulia uani kwangu, akasema hajapata kuona chupa iliyovaa gauni. Nikainamia rangi yangu. Namwogopa ulimi.

Alasiri kaja Bi Mwanasiti, anayemwoza binti yake Salme Jumamosi. Alikuwa anakwenda kwa Philister kununua vitambaa. Kaziona chupa zangu, kasimama, kachukua kumi na mbili. Ya kumi na tatu Barke kaitia sukari. Philister kafunga mlango wake taratibu sana. Siku njema!

Alhamisi, 4 Agosti

Siku mbaya. Barke karudi kwa Bi Mwanasiti, alikokwenda kusaidia kupepeta mchele, na habari kwamba chupa si za maua. Zitatiwa sharbati ya maziwa na tende, wanywe wazee wa bwana harusi. Nikasema vizuri, nikainuka kujitilia chai.

Mvuke wa birika ulikuwa umelainisha rangi ya ile chupa ya sukari. Karatasi imechungulia. Safari hii miwani nilikuwa nimeivaa. Imeandikwa kwa chapa: Choo. Chini yake: Jina la mgonjwa.

Tangu jana nimekunywa vikombe saba. Tena mimi ni mtu wa sukari nyingi.

Nikaenda mbio nyumbani kwa Elkana. Mkewe Rispa kasema mumewe amepanda basi kwenda msibani kwao bara, hadi Jumapili. Kaniuliza nina shida gani. Nikaondoka bila kuaga. Barke sijamwambia. Yeye kanywa vikombe vinne.

Ijumaa, 5 Agosti

Nilikwenda kwa Bi Mwanasiti kuzidai chupa, kwa kisingizio kwamba rangi yataka kupakwa mara ya pili. Kanijibu mlangoni kwamba rangi inamtosha na jikoni leo haingii mwanamume. Nikataka kumwambia kweli. Nikaaga badala yake. Nani atakayeweka tena chupa yangu sebuleni mwake? Na Philister atacheka mpaka mwisho wa mwaka.

Msikitini nilikaa safu ya nyuma. Khutba ilikuwa juu ya wauzao vitu vyenye kasoro wakaificha kasoro. Wallahi imamu alikuwa akinitazama mimi. Jasho lilinitoka hadi miguuni.

Dalili zangu: kizunguzungu, mate mengi, kucha zimepauka. Barke anaimba.

Jumamosi, 6 Agosti

Baada ya nikahi wanaume tuliketi mikekani, chini ya turubai. Nikaona sinia inatolewa ndani. Chupa kumi na mbili, zimejaa sharbati, kauri zinang'aa. Watu wakazisifu. Nilikuwa nikingoja sifa hiyo wiki nzima, na sasa kila neno lilinichoma.

Mzee Mohdhar, ami yake bwana harusi, ana miaka themanini na kitu. Kanyoosha mkono. Nikamwona amelala kitandani, wanawe wamemzunguka, wote wananiangalia mimi.

Nikaruka nikaidaka ile sinia, nikasema nitagawa mwenyewe. Nikapiga hatua mbili, nikajiangusha kwa uzito wangu wote juu ya sakafu ya saruji.

Haikupona hata moja. Joho la bwana harusi liliingia sharbati mpaka kifuani. Bi Mwanasiti katoka ndani, kanitazama nilivyolala katikati ya vigae. Hakupandisha sauti.

"Nassor, mwanangu," kasema, "nimekukosea nini?"

Machozi yalinitoka, nikasingizia goti. Sharbati wakaipangusa kwa vitambaa vya Philister. Kumbe Bi Mwanasiti navyo alivinunua.

Jumapili, 7 Agosti

Elkana karudi. Nilimkuta kwake anakula, nikamwuliza huku nimeshika ukuta. Kashangaa. Zahanati ilizinunua mpya, ikazibandika karatasi, kisha ikaletewa za plastiki. Hazijatumika hata siku moja. Rispa mwenyewe anatilia chumvi katika moja.

"Ungeniuliza tu," kasema Elkana.

Kizunguzungu kikaisha papo hapo. Nikamweleza Barke yote. Hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Kaniambia: "Nenda kamwambie Bi Mwanasiti. Leo."

Nikaenda. Nikatoa shikamoo, nikafungua mdomo. Bi Mwanasiti kanikatiza. Kasema nisijisumbue, ameshaelewa. Marehemu kaka yake naye alikuwa akianguka vivyo hivyo, ghafla mbele za watu. Kanisomea dua kichwani, machozi yanamlenga. Kanipa kombe ninywe, yale maji yaliyokosha sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani.

Nikanywa. Barke nimemwambia mambo yamekwisha. Sasa mtaa mzima unanisalimu polepole, na Philister kaniletea kitambaa cha bure. Naogopa kupona.

Jumanne, 9 Agosti

Mambo yamegeuka! Mzee Mohdhar kaagiza chupa kumi kama zile alizoziona kabla ya ajali. Azitaka Ijumaa. Chupa sina, ila mama yake Barke, kule Mjambere, ana chupa tele za achari stoo. Mama mkwe ni mkali, mimi hunitoka kijasho kwa kumwamkia tu. Lakini adhuhuri hulala. Kesho nitavuka na kivuko. Achari nitaimimina kwenye ndoo yangu ya rangi, hatajua. Ndoo nimeshaikosha. Sehemu kubwa.