Alimentasyo ya Kilo Mbili

Jumatatu, 13 Juni 2005. Buyenzi, Bujumbura.

Kaseti imefika! Imetoka Kigoma ndani ya gunia la chumvi, imeviringishwa ndani ya kanga. Nimeichukua mwenyewe bandarini. Ni ya shemeji Karimu, mume wa dada yangu Mwanasiti. Alikimbilia kambi ya wakimbizi Tanzania mwaka tisini na tano, na karatasi za kurudi hazijatoka mpaka leo. Jumamosi binti yake Assia anaolewa. Hawezi kuja, kwa hiyo amejirekodi akimwombea dua. Miaka kumi Assia hajauona uso wa baba yake. Na mpiga video wa ukoo ni nani? Mimi!

Nimemwambia dada hakuna kuazima televisheni ya mtu. Wanaume watakaa ua wa mbele, wanawake ua wa nyuma, kama desturi yetu. Basi nitainakili kaseti ndani ya kompyuta, kila ua na skrini yake. Kompyuta moja, kadi za picha mbili. Hata Tajudini, mpiga video wa avenyu ya tano, hajawahi. Tajudini ana deki moja ya kuchezea kaseti, televisheni moja na tumbo. Dada ameuliza kama kweli itafanya kazi. Swali gani hilo!

Jumanne, 14 Juni.

Nimechomeka kadi ya pili. Kompyuta imekohoa, imezima. Ajabu. Kadi ya kwanza peke yake inafanya kazi. Ya pili peke yake inafanya kazi. Zote pamoja, kimya. Nimezitazama saa nzima. Umeme unajuaje kwamba ziko mbili?

Nimepanda mtaa wa Gihosha kwa Sylvère, anayetengeneza kompyuta za maofisi. Amesema tatizo ni alimentasyo, lile sanduku la chuma linalogawa umeme ndani ya mashine. Langu dogo. Ameniandikisha hesabu: prosesa wati tisini, kadi wati themanini mara mbili, diski na mengineyo themanini. Jumla mia tatu thelathini. Ongeza theluthi ya akiba. Basi ninunue ya wati mia nne hamsini, tena nisome ampea za mstari wa volti kumi na mbili, kwa sababu huo ndio unaolisha kadi. Maneno mengi! Nimemuuliza mtu atajuaje kama kibandiko hakidanganyi. Amesema hata uzito husaidia kidogo, ya kweli ina shaba na alumini nyingi, ya uongo ni nyepesi.

Hapo nimefunga daftari. Uzito! Kwa nini hakuanza na hilo?

Jumatano, 15 Juni.

Nimeazima mzani wa Zubeda, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, pamoja na mawe yake. Ameniuliza mbele ya wateja: "Mawazo, ni mashini unaenda kununua ao ni samaki?" Wamecheka. Watu wa sayansi huchekwa kwanza.

Nimeubeba mpaka depo moja la vifaa vya kompyuta kule mtaa wa viwanda, Industrielle. Mwenye depo anaitwa Népomuscène. Ametoa alimentasyo tatu, zote zimeandikwa wati mia tano. Nimepima. Hakuna hata moja iliyofika kilo! Nimemwambia nataka ya kilo mbili. Ameuliza kwa heshima, kilo mbili kamili? Nimemweleza yote kwa kirefu, shaba, alumini, uongo wa vibandiko, kwa sababu alionyesha hamu ya kujifunza. Msikivu sana yule bwana. Amesema, akiniita bosi kwa Kifaransa: "Rudi kesho, patron. Ntakutafutia."

Alhamisi, 16 Juni.

Ipo! Kilo mbili kamili, mzani umelala sawa kama maji. Kama vile imetengenezwa kwa ajili yangu. Nikiitikisa, kitu kinagonga ndani. Népomuscène amesema hiyo ni shaba. Nilijua.

Nyumbani nimeifunga. Kompyuta imewaka na kadi zote mbili! Imekaa dakika mbili, bila video kucheza, kisha umeme wa mtaa umekatika. Dakika mbili zinatosha. Kasoro ni moja tu: ilikaa kwenye sahani ya mzani wa Zubeda, na sasa feni inapuliza harufu ya ndagala. Paka wa jirani amehamia chini ya meza.

Ijumaa, 17 Juni.

Sylvère amepiga simu. Anataka nicheze video kwenye skrini zote mbili saa nzima kabla ya harusi. Kuichosha mashine siku moja kabla ya kazi! Ameuliza pia ampea zinasemaje. Nimetazama. Pale pa ampea kuna kibandiko kipya juu ya kibandiko cha zamani. Sijakibandua. Kitu kipya hakibanduliwi.

Baada ya swala Tajudini amenishika mkono, amesema ataleta deki yake na televisheni, vikae tu pembeni. Nimemwambia hapana. Anatafuta sifa.

Jumamosi, 18 Juni.

Sherehe imefanyika mchana, ili watu wafike kwao kabla ya amri ya kutotoka nje usiku. Skrini ya wanaume mbele, ya wanawake nyuma, mimi na mashine mlangoni katikati. Nimebonyeza. Shemeji Karimu ametokea pande zote mbili kwa pamoja! Amekonda, ndevu nyeupe. Amesema, "Bismillahi. Assia, mutoto wangu..."

Pa! Moshi. Skrini zote mbili giza. Harufu ya ndagala za kukaanga mpaka barabarani. Mzee mmoja ameuliza kama chakula tayari.

Nimesema dakika tano. Nimesema tena dakika tano. Tajudini alikuwa amekwisha kuweka deki na televisheni yake kwenye kiti, ananiomba kaseti kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Kaseti ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nimeishika kwa nguvu. Nimesema hapana, ni kazi yangu.

Kisha Assia ametoka ua wa nyuma na hina yake mikononi, amepita mbele ya wanaume wote, amesimama mbele yangu. Hakukasirika. Amenyoosha mkono. "Mujomba, nipe baba yangu."

Nimempa.

Televisheni imewekwa mlangoni, pazia limeinuliwa, watu wa nyua zote mbili wamejibana kuitazama. Dua ilikuwa ndefu. Shemeji alitaja hata jina nililomtania nalo Assia alipokuwa mdogo. Assia aligusa kioo kwa kidole. Nimelia, na moshi ulikuwa umekwisha zamani. Nimeona haya kabisa. Nimeapa sitagusa tena kadi mbili maishani mwangu.

Jumapili, 19 Juni.

Nimepeleka maiti ya alimentasyo kwa Sylvère. Ameifungua. Ndani kuna bonge la saruji! Chini ya kibandiko kipya pameandikwa wati mia mbili hamsini. Sylvère amecheka mpaka amekaa chini, akasema anatumaini sasa nimeelewa.

Nimeelewa. Nimelipima bonge kwa Zubeda: kilo moja na robo. Maana yake alimentasyo yenyewe ilikuwa robo tatu tu ya kilo. Nyepesi! Ndiyo sababu imeungua. Uzito haudanganyi, ni mimi niliyeomba kidogo. Ningeomba kilo nne, hata ukitoa saruji, zingebaki karibu tatu za shaba tupu.

Zubeda anamwoza binti yake baada ya Ramadhani. Nitaweka skrini tatu: ya wanaume, ya wanawake na ya jikoni, maana wapishi hawaonagi kitu. Zubeda bado hajui.

Nimempigia Népomuscène. Nimemkaripia kwanza, kisha nimemwomba ya kilo nne. Amesema: "Pita kesho, patron. Iache kwanza ikauke."