Jina la Khenut Kwenye Piramidi ya Mfalme

Mwezi wa pili wa Mafuriko, tarehe 13, siku ya tatu ya juma letu la siku kumi

Hakuna mwenye bahati kama mimi, Idu. Wenzangu wanavuta mawe; mimi namwaga tu maji mchangani mbele yao, mawe yateleze. Na kuandika najua. Nusu. Nusu ya pili karani alinifukuza kabla hatujaifikia.

Mke wangu Khenut anakuja na mashua ya vitunguu. Mwaka jana, akichambua dengu, alisema mara moja tu: mtoto hatuna, basi tukifa nani atatutaja? Nikamwahidi jina lake litakaa kwenye piramidi ya mfalme milele. Akaniangalia kama anayemwangalia punda aliyeahidi kuimba. Lakini alitabasamu. Sasa lazima liwepo.

Tatizo: mawe huandikwa majina ya vikosi vya wavuta mawe tu, kwa rangi nyekundu. Majina ya wake, hakuna.

Tarehe 15, siku ya tano ya juma

Mlinzi wa rangi nimempa bia yangu. Akasinzia. Nikachota, nikaficha kwenye kigae cha chungu. Nani akanikuta? Seshi, nyapara wa Kikosi cha Mamba, shingo kama nguzo. Akauliza mikono myekundu hivi ina nini. Nikasema nimejikata. Jibu safi kabisa! Kumbe ana huruma, jitu lile. Kanibeba mgongoni hadi kwa mganga. Nimepakwa asali, nimefungwa vitambaa mikono yote miwili. Nzi wote wa Misri wananifuata. Vijana wa Mamba wananiita Bwana Harusi, kwa kubebwa na kupakwa.

Tarehe 18, siku ya nane ya juma

Nimeweza! Wajinga huandika kwenye mawe ya ndani, kusikoonekana. Mimi nimechagua jiwe jeupe la ukuta wa nje, karibu na mlango, upande unaotazama watu. Jina la Khenut, kubwa kama ng'ombe. Jiwe limeshapangwa mahali pake. Pazuri hivyo, na hakuna aliyewahi kupafikiria! Wenzangu wana akili za maji.

Tarehe 19, siku ya tisa ya juma

Khenut kafika, na vitunguu na samaki wa chumvi. Njia nzima kutoka gatini natangaza: Khenut ndiye huyu, mwenye jina piramidini. Seshi akatufuata. Akauliza taratibu nimeandika upande gani. Nikasema wa nje, wa nini wa ndani? Hakucheka. Hapo nikaogopa.

Tukafika. Fundi wa patasi yuko kazini. Nyuso za nje huchongwa zote mpaka zing'ae. Kila mtu anajua, mpaka mbuzi. Zilikuwa zimebaki alama mbili za jina. Kisha moja. Kisha jiwe jeupe tupu.

Khenut akainama, akaokota vipande vyenye wekundu, akavifunga kwenye upindo wa nguo.

"Mume wangu," akasema, "tangu gatini umenitaja kwa kila mtu. Hata wapakuzi wa vitunguu sasa wananiita Khenut."

Seshi akakohoa. "Shemeji, jiwe letu linaingia ndani leo. Nyuma yake pana nafasi, chini ya jina la Mamba. Hakuna atakayeliona. Lakini halitafutika."

Nikashika brashi. Ikateleza, kwa sababu ya asali bila shaka. Seshi akaweka mkono wake juu ya wangu, tukaandika. Khenut akaliangalia jina lake hadi jiwe la jirani lilipolifunika. Akanishika mkono wangu unaonata, hakuuachia.

Tarehe 20, siku ya kumi ya juma, mapumziko

Khenut bado amelala, mguu wake juu ya wangu. Ganzi tupu, lakini sisogei.

Nimefikiri. Nyuma ya jiwe, gizani, chini ya Mamba? Mke wangu? Haiwezekani. Dawa ni jiwe la kilele. Litang'aa kuliko yote. Nitaandika upande wa nje, kwa alama kubwa zaidi. Kosa la juzi lilikuwa udogo. Mlinzi wa rangi bado anapenda bia.