Shangazi Mnadani

Jumatatu, 4 Mei

Swali limenisumbua tangu nilipoanza kukusanya michoro hii: mtu hutafuta nini katika mchoro halisi wa katuni, ilhali katuni yenyewe ilikwisha chapishwa, ikachekwa, na jarida lenyewe likafungiwa vitunguu? Nimelijibu mara nyingi. Kila jibu hudumu mpaka mnada unaofuata.

Leo swali limepata uso. Kwenye tovuti ya minada umeingia mchoro wa foleni! Wino mweusi, karatasi nene, rangi nyeupe ya kusahihishia pembezoni. Mwanamke mwenye kofia pana amefika kwenye dirisha la ofisi. Anasema amekuja kulalamika kuhusu foleni. Karani anamwonyesha foleni nyingine, ndefu zaidi: wale nao wamekuja kulalamika.

Mwanamke huyo ni shangazi yangu. Ndivyo adaivyo mwenyewe. Aliyatamka maneno yale mbele ya karani wa kweli, asema, na mchoraji, aliyekuwa amepanga chumba cha jirani, alikuwa nyuma yake akisikiliza. Ukoo mzima humcheka. Baba mdogo humwita Malkia wa Magazeti. Jaridani uso ulichapwa mdogo kama punje ya mtama, wino ukavuja, hakuna awezaye kuapa hata kwamba ni mwanamke. Katika mchoro halisi uso upo. Pua ipo!

Shangazi ndiye aliyenilea. Mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe, mbali. Nimeazimia kwamba hataondoka bila uso wake. Nimeweka dau, kwa jina langu la mnadani: Mpenda Wino.

Jumanne, 5 Mei

Nimepitwa. Mpinzani anajiita Kipepeo. Upelelezi haukuhitajika. Mhadhiri ambaye mlango wake wa ofisi chuoni unatazamana na wangu huvaa tai ya kipepeo hata siku za joto la kupikia, na wakati wa chai alitangaza kwamba amepata kichekesho cha kutundika ukutani, ila kuna mtu mnadani anamng'ang'ania kama kupe. Nilikoroga chai yangu kwa utulivu. Haikuwa na sukari.

Nikapandisha dau. Akapandisha. Mume wangu aliuliza kama michoro hii huliwa kwa mchuzi au mikavu. Nikamwambia asiingilie utafiti.

Nimepata mkakati. Si uongo. Ni shaka, na shaka ndiyo kazi niliyosomea.

Chini ya kila mchoro kuna uwanja wa maoni. Nimejisajili upya kwa jina la Mchunguzi. Mchunguzi ameandika, kwa masikitiko, kwamba wachoraji wa majarida huanza kwa penseli ya buluu hafifu, ambayo kamera ya kiwanda cha chapa haiioni, kisha hupitisha wino juu yake. Katika mchoro huu, penye ukingo wa kofia, buluu inaonekana kuwa juu ya wino. Hivyo basi yawezekana kwamba mtu aliiga katuni kutoka jaridani, kisha akapaka buluu ili kutuhadaa. Aya moja. Imepimwa. Nilijisikia fahari isiyo na kiasi.

Alhamisi, 7 Mei

Mkakati umefaulu. Umefaulu mno! Wageni kabisa wanamshukuru Mchunguzi. Mmoja amemwita mwalimu. Wanunuzi wametawanyika, jambo ambalo nililitaka. Lakini muuzaji, kumbe ni mtu mwaminifu (sikulizingatia hilo), amesema dhamiri inamsumbua. Shaka hizi zisipojibiwa kufikia kesho, ataliondoa neno "halisi", au auondoe mchoro wote.

Ikabidi azaliwe mtaalamu wa pili. Mama Matbaa, mstaafu wa kiwanda cha chapa. Amejibu kwamba buluu ya juu si ya mchoraji. Ni mkono wa mhariri, aliyeweka alama za kupunguzia ukubwa baada ya wino kukauka. Hoja safi. Naamini ni bora kuliko ile ya kwanza.

Hakuna aliyeijali. Mama Matbaa ameambiwa anaandika kwa hisia. Ameshauriwa amsome Mchunguzi kwanza, taratibu, hadi aelewe.

Mume wangu akauliza kwa nini naifokea kompyuta. Nikasema kuna mtu anapotosha hoja zangu. Nani? Nikarudi kuandika. Akaenda zake kumwagilia maua, akitikisa kichwa.

Ijumaa, 8 Mei

Mchunguzi amemjibu Mama Matbaa. Sikukusudia. Ila mama yule aliacha pengo katika hoja yake, na msomi mwadilifu hawezi kupita mbele ya pengo akafumba macho: alama za mhariri huwekwa pambizoni, si juu ya kofia ya mtu.

Kisha nikausoma mjadala wote tangu mwanzo, nikaingiwa na baridi. Je, kama Mchunguzi yuko sahihi? Nimeuchunguza mchoro kwa kioo cha kukuzia, kwenye skrini. Niliona miraba midogo mingi ya rangi.

Shangazi alipita kurudisha sufuria. Akasema nimenyauka, nimekuwa kama mchicha wa juzi. Nikamuuliza, kana kwamba natania, ana hakika gani kwamba ni yeye. "Wewe mtoto, mimi nimezeeka, sijapotea. Mdomo ule ni wangu na foleni ile nilisimama kwa miguu hii." Nilitamani kumkumbatia. Nilimwomba ushahidi wa maandishi. Akachukua sufuria nyingine akaondoka.

Muuzaji ameubadilishia mchoro maelezo: "huenda ni nakala." Dau likaporomoka. Ndio uliokuwa wakati wangu! Lakini nilipaswa kwanza kuamua kama ni sahihi kugombea kitu ambacho hadhi yake haijathibitika. Nilikuwa bado napima pande zote mbili mnada ulipofungwa.

Kipepeo ameshinda. Hakuwa na wa kushindana naye.

Jumatatu, 11 Mei

Ameutundika ofisini, ndani ya fremu ya kioo. Nimekwenda kuazima stepla. Nimekwenda kurudisha stepla. Nimekwenda kuuliza kama stepla imefika salama.

Nikamdokeza kwamba wapo wataalamu wanaoutilia shaka. Akacheka. Amewasoma wote; yule Mchunguzi, asema, ni kichwa kweli kweli, lakini yeye alitaka kitu cha kumchekesha asubuhi, hakutaka cheti cha kuzaliwa. Nilirudi ofisini kwangu. Huenda hilo ndilo jibu. Inauma kulipata kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba ameulizwa.

Jumatano, 13 Mei

Nimempeleka Shangazi kazini kwangu, eti aone ninapofanyia kazi kabla hajahama. Alivaa kofia. Mlango wa Kipepeo ulikuwa wazi. Nilikuwa nimehakikisha.

Kipepeo akamtazama Shangazi. Akautazama mchoro. Akamtazama Shangazi tena, kwa upande. Pua! Akaruka kutoka kitini, akamkaribisha akae, "Karibu mama, karibu sana," akamtengenezea chai kwa mikono yake. Shangazi akasimulia yote, pamoja na sauti ya karani ya puani. Kipepeo alicheka hadi tai ikafunguka ikaning'inia. Hakuuliza ushahidi wowote. Nilimpenda kidogo, ghafla, na nikajishuku.

Kisha akainuka, akauteremsha mchoro ukutani. Akasema mama, hii ni sura yako. Mimi nilinunua nakala tu, wataalamu wamethibitisha; moyo hautaniruhusu kuikalia mbele ya mwenyewe. Mikono ya Shangazi ilikwisha nyooka.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Hicho tu.

Nikasikia sauti ikisema kwamba, kwa heshima zote, hii si nakala. Sauti ikaendelea. Ikaeleza juu ya mkono wa mhariri. Ikamnukuu Mama Matbaa. Ikalijaza hata lile pengo la Ijumaa: mhariri mwenye haraka huweka alama popote penye nafasi! Ilikuwa sauti yangu, na sijawahi kuzungumza vizuri namna ile.

Kipepeo alinisikiliza kwa heshima ambayo hajawahi kunipa katika kikao chochote. Halafu, polepole, akaukumbatia mchoro kifuani. Kama ni halisi, akasema, basi si mali ya mtu mmoja. Ni historia. Uende maktaba, kwenye kabati la hifadhi, ushikwe kwa glavu. Akanipa mkono. Akamwambia Shangazi ajivunie kunilea.

Tukashuka ngazi hadi chini, mimi na Shangazi. Hapo akasema nimesoma mpaka nimepitiliza kituo. Kisha akacheka hadi akashika ukuta, akanishika mkono, akataka twende tukatafute kitu cha kula, kwa sababu msomi wake amekonda.

Alhamisi, 14 Mei

Habari njema! Nimeuliza maktaba. Hifadhi haipokei nakala. Kamati itakaa Jumatatu, na shaka yoyote nzito ikiwasilishwa, mchoro utarudishwa kwa Kipepeo. Naye, akiwa na nakala tu, atampa Shangazi. Hakuna tundu katika mpango huu. Nimeukagua.

Mchunguzi amerejea kazini. Yuko ukurasa wa tatu, na tanbihi.

Kama mchoro ni halisi au la, sijui. Ningeweza kuomba fremu ifunguliwe nikatazama mgongo wa karatasi, sijaomba. Watu wawili ambao maoni yao nayaheshimu kuliko yote katika suala hili hawajaafikiana, na kila mmoja anapoandika, ndiye ninayemwamini. Aidha, si haki kuipelekea kamati upande mmoja pekee. Mama Matbaa ameomba apewe nafasi ya kujibu.

Nimemkubalia.