Mkwe Wangu Azuiwe Kushindana Kwenye Theluji

Kijiji cha Ait Wazru,
Milima ya Atlasi,
Novemba.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Watelezaji wa Bonde.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMZUIA MKWE WANGU, BI IJJA, ASITELEZE MBELE ZA WATU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kuwa hujambo na kwamba mguu uliokusumbua msimu uliopita umepona. Wangu haujapona. Hilo nalo ni sehemu ya malalamiko yangu, lakini nitalifikia kwa utaratibu.

Mimi ni Idder, nahodha wa timu ya kijiji chetu. Bila shaka unanikumbuka. Ndimi niliyevuka mstari wa mwisho mwaka juzi nikiwa nimelala chali, nimetanguliwa na skii zangu mwenyewe, zile mbao za kutelezea. Tangu nishike unahodha hatujapata kuwashinda jirani zetu wa kijiji cha Tizgi hata siku moja, lakini nidhamu yetu imesifiwa na kila mtu, hasa watu wa Tizgi.

Kama ujuavyo, tangu kondoo waliposhushwa kutoka malishoni sisi wenyeji tumo katika maandalizi ya msimu. Wageni wa mjini hujiandaa kwa kununua miwani. Sisi tunapaka skii nta ya mishumaa, tunashona viatu ambavyo wageni walivitupa wakati baba zetu wakiwa vijana, kisha tunapanda mlima mbio na gunia la mawe mgongoni. Kusema kweli gunia hubebwa na wenzangu wawili, Bihi mwenye nyumbu na mdogo wake. Mimi hupiga filimbi. Nahodha akichoka, nani atapiga filimbi?

Timu, kwa mujibu wa kanuni zako, ni watu watatu wenye kasi kuliko wote kijijini. Kanuni hiyo haikuwa na kasoro yoyote kwa kuwa kijiji kizima watelezaji tulikuwa watatu. Sasa tumekuwa wanne. Naomba nieleze dhuluma niliyotendewa, moja baada ya nyingine.

1. Hakualikwa. Bi Ijja, mama mzazi wa mke wangu Tuda, huuza chai ya nanaa na mayai ya kuchemsha pale chini ya mteremko, na amefanya hivyo tangu kabla sijaposa kwake. Mwezi uliopita tulikuwa tukifanya mazoezi kwenye nyasi kavu, kwa skii za zamani, nami nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu jinsi ya kukata kona. Akaacha kumimina chai.

"Mkwe," akaniita mbele ya watu, "unateleza, au umeangusha sindano unaitafuta?"

Bihi alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nikamjibu mama kwa adabu kwamba kule kuinama ndiyo elimu yenyewe.

"Basi wewe ni profesa," akasema. "Hebu Bihi, vua hizo mbao nizione."

Akakunja jalabia yake, lile kanzu zito la baridi, akavaa skii za Bihi, akapanda kwa ubavu kama kaa, akageuka, akashuka. Ndugu Mwenyekiti, alishuka amesimama wima kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni kuangalia chungu. Akasimama kando ya birika lake, akaendelea kumimina chai pale alipokuwa ameishia.

2. Alinificha. Nimekula nyumbani kwake, nimelala nyumbani kwake, nimeugua nyumbani kwake, na hakuna aliyenidokeza. Jioni ile nikamuuliza, wakati tunamega mkate wa shayiri, jambo hili alijifunza wapi. Kumbe alipokuwa msichana, kabla mashine ya kupandishia watu haijafungwa, yeye na wenzake walikuwa wakiwabebea wageni skii mpaka kileleni.

"Walinilipa kupanda," akasema. "Kushuka hakuna aliyeniuliza. Ulidhani nitashuka kwa miguu, na mlima wote ule umelala bure?"

Nikamgeukia mke wangu. Tuda alikuwa akiitazama sahani.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema. "Halafu ulikuwa na furaha."

Naomba, Ndugu Mwenyekiti, uitafakari sentensi hiyo kama nilivyoitafakari mimi usiku kucha.

3. Suala la adabu. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuinamishiwa kichwa. Mlangoni hutangulia yeye, kwenye sahani huanza yeye, njiani humpiti. Sasa niambie wewe uliye mtunza kanuni: nikiwa nyuma yake kwenye mteremko, nimpite au nisimpite? Nikimpita nimevunja adabu na nitatengwa na ukoo. Nisipompita nimeshindwa na bibi mwenye wajukuu sita. Wapo wenye midomo mirefu hapa kijijini wasemao kwamba suala hili halijawahi kutokea, kwa sababu sijapata kuwa karibu naye kiasi cha kulazimika kuamua. Mimi nalizungumzia kama kanuni.

4. Na akiwa nyuma yangu? Hapa ndipo dhuluma ilipoota mizizi. Theluji ya kwanza ilipoanguka kule juu, Bihi alisema, na alisema kwa sauti ya mtu mpenda ugomvi: "Nahodha, maneno ya nini? Shukeni wawili. Atakayetangulia ndiye wa tatu wetu."

Nilikubali mara moja. Nilijiambia kwamba nyasi si theluji, na uzee ni uzee. Tena kwa heshima ya cheo changu walinipa nitangulie kuondoka. Ndugu Mwenyekiti, nilianza vizuri. Sijawahi kuanza vizuri namna ile. Upepo ulikuwa ukinipiga usoni, nikasema moyoni, "Idder, leo wewe ndiwe." Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ile ile inayoniitaga kula.

"Njia, mkwe! Njia, baba! Kushoto au kulia, chagua, lakini chagua upesi!"

Ungefanya nini wewe? Nilimpisha. Nalisisitiza neno hilo ili liingie kwenye kumbukumbu za Chama: nilimpisha. Heshima ilinitoa kwenye mteremko, ikanirusha juu ya ukuta wa zizi la mawe, ikanilaza ndani ya samadi ya kondoo ambayo, namshukuru Mungu, ilikuwa haijaganda. Goti likageuka upande ambao goti halikuumbiwa.

5. Dhuluma ya tano ni nzito kuliko zote, na nimeiandika mara kadhaa nikaichana. Alirudi kunichukua.

Bihi na mdogo wake walikuwa wameanguka chini kwa kicheko, hawafai kwa lolote. Bi Ijja alipanda kwa miguu peke yake, akapita kwenye mwanya wa ukuta, akaketi kando yangu pale kwenye samadi. Nilikaza moyo nikingoja kejeli. Mwanamke yule ana ulimi unaoweza kukata sabuni. Badala yake alivua kitambaa chake cha kichwani akanifunga goti, taratibu, akiuma mdomo kila nilipoguna.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Mkwe, nikwambie kitu. Daktari wa mjini ameyashika haya magoti yangu akatikisa kichwa. Kasema yana msimu mmoja, na hapo ni kanionea huruma. Wewe una misimu kumi ya kuanguka bado. Nipe huu mmoja tu."

Sasa hiyo ni haki? Kumwuliza mtu jambo kama hilo akiwa na maumivu, hana pa kukimbilia, na mkono wako uko begani pake? Nilimwambia tu kwamba filimbi yangu imepotea. Akapekua samadi kwa vidole vyake, akaipata, akaifuta kwa jalabia, akaitia mfukoni mwangu.

6. Namna nilivyorudishwa. Alifunga skii zake na zangu pamoja kwa kamba, akanilaza juu ya mbao hizo, akaniteremsha mpaka kijijini akitembea mbele kama anavuta kuni. Wanawake waliokuwa kisimani walipiga vigelegele. Ndugu Mwenyekiti, vigelegele hivyo huwa ni vya bibi harusi.

Kwa sababu hizo zote naomba Chama kichukue hatua zifuatazo, kwa mpangilio wa upole wake.

Kwanza, Bi Ijja azuiwe. Hilo likishindikana, itungwe kanuni kwamba mtu asishindane na mkwe wake katika timu moja, wala mlima mmoja, wala majira mamoja ya baridi. Hilo nalo likiwa gumu, mteremko wa mashindano ufupishwe, uishie pale ambapo mimi huangukia kila mwaka. Mahali penyewe panajulikana, pana shimo. Na kama hata hilo ni zito kwa bajeti, basi Chama kiombe theluji isimame mpaka goti langu lipone. Najua kwamba kwa mashindano yaliyo karibu hivi, goti haliponi. Najua pia kwamba nikikaa nyumbani nafasi ni yake bila barua wala kikao. Lakini kukaa nyumbani kwa goti ni jambo moja, na kukaa nyumbani kwa kuwa umezidiwa ni jingine, nami nataka kwenye vitabu vyako iandikwe goti.

Nisije nikaeleweka vibaya. Simchukii. Mama yule ndiye aliyenipa mke wakati baba yangu hakuwa na hata mbuzi wa mahari, na alipoulizwa na majirani kwa nini, alijibu kuwa anayejua kuanguka bila kulia atamfaa binti yake. Nilidhani ni sifa. Siku hizi sina uhakika.

Nikomee hapo, mshumaa wenyewe ndiyo ile nta tuliyobakiza. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na wajumbe wote wa Chama, akiwemo yule aliyenicheka mwaka juzi. Tuda anakusalimu. Bihi anakusalimu, ingawa sijamruhusu. Bi Ijja anakusalimu sana, anauliza mguu wako, na anasema uukande kwa mafuta ya zeituni ya moto, acha kuudekeza.

Mimi wako mtiifu, nikiwa nimelala,

Idder,
Nahodha (kwa sasa).

Nyongeza, nyuma ya karatasi:

Ndugu Mwenyekiti, tafadhali upuuze upande wa mbele. Soma huu tu.

Siku niliyomkabidhi Bihi barua, theluji iliangusha mawe ikafunga barabara ya kuja kwako, barua ikalala kwenye tandiko la nyumbu wake mpaka leo. Ndiyo maana nawe hukuweza kufika kwenye mashindano. Watu wa Tizgi walifika. Walivuka mlima kwa miguu, wakiimba, kama kawaida yao.

Bi Ijja aliteleza badala yangu. Mimi nilikuwa chini kwenye mstari, nimeegemea fimbo, nikichunga birika. Nahodha wao ndiye aliyetangulia kutokea kwenye kona, moyo wangu ukazama kama miaka yote. Kisha nikaona jalabia. Sijui nilipiga kelele gani, kwa maana tangu siku ile sina sauti, lakini Tuda anasema nilikuwa nikirudia neno moja tu: "Mama! Mama! Mama!" Na fimbo niliirusha, nikaanguka. Tumewashinda, Ndugu Mwenyekiti. Mimi mwenyewe nimeona kwa macho haya.

Sasa nasikia nahodha wa Tizgi naye amekuandikia barua. Anadai eti mama yule hakuandikishwa. Eti si haki kijana aliyelelewa vizuri kushindanishwa na mtu mzima wa umri wa mama yake. Eti alipigiwa kelele "Nipishe, mwanangu!" naye kwa adabu akapisha, akaishia kwenye mti wa mreteni. Nimezipima hoja zake kwa makini na bila upendeleo. Ni hoja za mtu aliyeshindwa. Nashangaa mtu mwenye akili timamu anapata wapi ujasiri wa kuyatia mambo kama hayo kwenye karatasi na kumpelekea mtu mzima kama wewe. Tafadhali itupe barua yake.

Jina la Bi Ijja liandike la kwanza kwenye orodha ya timu yetu. Langu liweke popote utakapopata nafasi, hata pembeni.

Na kuhusu dai lao la kupewa wao kondoo dume wa zawadi ya ushindi, wajibu kwa upole kwamba kilichobaki ni ngozi. Ngozi yenyewe ameilalia Bi Ijja, na mimi siendi kumwamsha.